MZIGO WA SHULE UKO KATANI, UAMUZI UKO DODOMA
Mada niliyoiwasilisha kwenye semina ya vijana wa kanda, Agosti 2024

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu elimu na serikali za mitaa. Nashukuru mmenikumbuka, maana umri wa ujana nao unanitupa mkono, mwakani kadi ya vijana naiacha. (Kicheko.) Nilikuwa diwani kuanzia 2015 hadi 2020. Niliingia baraza la madiwani nikiwa na miaka 27, shati limepigwa pasi, kichwa kimejaa hotuba. Leo sikuja na hotuba. Nimekuja na hesabu, halafu nimekuja na kosa langu mwenyewe. Naanza na kosa.

Nilivyomponza mwalimu

Mnakumbuka Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015. Ulitoka Novemba, serikali ya awamu ya tano haijamaliza hata mwezi. Ada na michango ikafutwa kuanzia elimu ya awali mpaka kidato cha nne. Januari 2016 watoto walifurika darasa la kwanza. Kwenye kata yangu kuna shule iliandikisha mpaka ikaishiwa daftari la kuandikishia.

Sasa tuseme ukweli hapa tuko wenyewe. Elimu bure tuliihubiri sisi. Upinzani tuliisema 2010, tukaisema tena 2015. Kwa hiyo waraka ulipotoka, mimi kama diwani wa upinzani nikawa kwenye mtego: nikiusifia, nawapa wenzetu maksi, nikiupinga, wananchi wananishangaa. Nikatafuta njia ya mkato. Nikapita kwenye mikutano ya mitaa nikisema: "Serikali imesema bure, bure iwe bure kweli. Mwalimu yeyote atakayedai hata shilingi mia, nileteeni jina lake."

Waliniletea jina.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama mtu mzima, aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Shuleni kwake wazazi walikuwa wanatoa shilingi 500 kwa mwezi, ya mlinzi na maji. Sikwenda shuleni kuuliza. Sikukaa na kamati ya shule. Nilisubiri baraza la madiwani, waandishi wamekaa, nikasimama nikamlipua. Makofi yalipigwa pande zote mbili, wetu na wa CCM. Wiki hazikupita nyingi akavuliwa madaraka, akahamishiwa kata ya pembezoni akafundishe kama mwalimu wa kawaida. Na mimi mtaani nikaitwa jembe.

Mwezi wa pili mlinzi akaacha kazi. Usiku mmoja wakaingia wezi, wakabeba madawati na mabati yaliyokuwa yamehifadhiwa kwa ajili ya kupaulia choo. Maji yakakatwa. Watoto zaidi ya 900, maji hakuna. Mabinti wa darasa la sita na la saba wakawa hawaji siku kadhaa kila mwezi, na sote tunajua kwa nini.

Mwalimu mkuu mpya akaniita ofisini. Kijana mwenzangu tu. Akatoa daftari la mtangulizi wake, akaniambia, "Mheshimiwa, soma." Nikasoma mpaka ukurasa wa mwisho. Kila mia tano ya mzazi ilikuwa imeandikwa. Mlinzi kiasi fulani, stakabadhi imebandikwa. Maji kiasi fulani, stakabadhi imebandikwa. Chaki, karatasi za mitihani, dawa ya choo. Hata mia moja haikupotea.

Nikapanda bodaboda nikamfuata yule mama alikohamishiwa. Nikamsalimia shikamoo, nikaomba radhi. Nilitegemea atanisema, atanilaani. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mlinzi mmempata?"

Sikuwa na jibu. Vijana wenzangu, ndiyo sababu nasimama hapa. Kabla hamjapanda jukwaani kugombea mwezi wa kumi na moja, nataka mjue kitu ambacho mimi sikukijua: yule mama hakuwa mwizi, alikuwa anaziba pengo. Na pengo lenyewe lina ukubwa unaopimika. Tulipime.

Hesabu ya shilingi 31

Chukueni kalamu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Lakini 10,000 hiyo haifiki yote shuleni. Shilingi 4,000 zinabaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Shuleni zinakwenda 6,000. Sekondari ni 25,000, na nusu yake inabaki juu, inashuka 12,500.

Sasa gawanya. Shilingi 6,000 kwa miezi 12 ni 500 kwa mwezi. Mwaka wa masomo una siku 194. Shilingi 6,000 gawanya kwa 194, unapata shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Kuna pipi ya shilingi 31? (Sauti: Hakunaaa!) Ndiyo hiyo inayotakiwa itoe chaki, karatasi za mitihani, maji, umeme, mlinzi, michezo, kitasa kilichoharibika na dirisha lililovunjika.

Shule ya watoto 900 inapata 5,400,000 kwa mwaka, sawa na 450,000 kwa mwezi. Ukijibana sana, unapumua. Lakini njoo kijijini, shule ina watoto 300. Inapata 150,000 kwa mwezi. Ukimlipa mlinzi, hata mlinzi wa bei ya huruma, mwezi umeisha. Chaki utachukua wapi? Mfumo unahesabu vichwa tu. Haujui kwamba shule ndogo na shule kubwa zote zina geti moja linalohitaji mlinzi mmoja.

Na hii 10,000 ina historia. Ilianza na MMEM mwaka 2002, tulipofuta ada ya shule ya msingi. Kiwango kilipangwa kuwa dola 10 kwa mtoto. Wakati ule dola moja haijafika shilingi 1,000, kwa hiyo 10,000 ilikuwa hela inayoeleweka. Leo dola imevuka 2,500. Kama tungebaki na ahadi ile ile ya dola 10, mtoto angekuwa anapata zaidi ya shilingi 25,000. Tunampa 10,000, yaani chini ya dola 4. Mtoto aliyeanza la kwanza 2002 leo ana watoto wake shuleni, na watoto wake wanahesabiwa kwa shilingi zile zile za baba yao.

Haki isemwe pia. Kuanzia Januari 2016 fedha hizi zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na zinakwenda kila mwezi. Kabla ya hapo zilikuwa zinapita halmashauri, zinachelewa, zinakatwakatwa njiani, mwalimu mkuu anamaliza mwaka hajaona hata nusu. Hilo limenyooka, na atakayelikataa anajidanganya. Ugomvi wetu ni kiwango. Bomba limezibuliwa, lakini maji yanayopita ni kikombe.

Nani ana funguo?

Ukiwa diwani, mwananchi anakuona wewe ndo serikali. Choo cha shule kikijaa anakupigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto akikosa dawati, ni wewe. Ukisoma sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, namba 7 na namba 8, utaona halmashauri imepewa majukumu kweli kweli. Lakini ukikaa kwenye kiti ndipo unajua kwamba funguo za shule hauna.

Ufunguo wa kwanza ni walimu. Halmashauri haiajiri mwalimu hata mmoja. Ajira inatoka serikali kuu, inagawa serikali kuu. Baraza langu lilipitisha maazimio ya kuomba walimu wa hisabati na sayansi mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tuliyaandika kwa Kiswahili kizuri. Yalikaa kwenye mafaili.

Ufunguo wa pili ni mapato. Mwaka 2016, mwaka ule ule tuliokuwa tunapokea mafuriko ya watoto, kodi ya majengo ikaanza kuchukuliwa kutoka halmashauri ikapelekwa TRA. Mwaka 2017 yakafuata mabango. Kwa halmashauri za mijini ule ulikuwa mkono wa kulia. Mwaka huo huo ushuru wa mazao ukapunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu na ni haki yake, mimi ni mtoto wa mkulima. Lakini halmashauri za vijijini ziliambiwa zifidie wapi? Leo kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Mwananchi anaiona kila anaponunua umeme. Muulize kama anaiona ikirudi kwenye shule ya mtaani kwake.

Ufunguo wa tatu ni michango. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni kwa ukali, mwalimu asiguse hata senti ya mzazi. Mzazi masikini alipona usumbufu, na mimi niliona watoto waliokuwa wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya elfu mbili. Sitaki turudi kule. Ila lile katazo halikuja na ongezeko la ruzuku. Mlango wa mzazi ukafungwa, mlango wa halmashauri umeshafungwa, na mlango wa serikali kuu umebaki wazi kiasi cha shilingi 31.

Matokeo yake tunayajua. Michango haikufa, iliingia chini ya meza. Leo inaitwa "makubaliano ya wazazi". Inaitwa rimu ya karatasi, inaitwa mtihani wa kujipima, inaitwa chakula. Yule mama alikuwa na daftari na stakabadhi. Sasa hivi nani ana daftari?

Madarasa yalikuja, kisha?

Mwaka 2021 fedha za mkopo wa IMF wa kukabiliana na UVIKO zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila darasa. Januari 2022 form one waliingia pamoja bila kungoja awamu ya pili. Nilikuwa mtaani, siyo diwani tena, nikaona. Yale madarasa yapo na watoto wanasoma humo. Kijana wa upinzani anayesimama jukwaani kusema hakuna kilichojengwa, anawaambia wananchi kwamba hajui wanakoishi.

Swali la kuuliza ni lingine. Darasa lina bajeti ya kujengwa, lina bajeti ya kutunzwa? Sakafu imeshaanza kubanduka, bawaba zimelegea. Anayetakiwa kurekebisha ni mwalimu mkuu, kwa 31 ile ile. Na kuna maboma. Wananchi wametoa mchanga, mawe, kokoto na nguvu zao, wamefikisha ukuta kwenye lenta, wamesubiri serikali ipaue. Kuna boma nililiacha 2020 na miti imeota ndani. Wazee waliolijenga wakikuona unakwenda kuomba nguvu za wananchi kwa ujenzi mwingine, wanakuangalia tu.

Januari 2028

Hapa nawaomba simu ziwekwe chini kidogo.

Mwaka huu 2024 serikali imeanza kutekeleza Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, pamoja na mitaala mipya. Elimu ya msingi itakuwa miaka sita. Elimu ya lazima inakuwa miaka 10, yaani mpaka kidato cha nne. Sekondari ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Kwenye karatasi ni mageuzi mazuri, na mengine tumeyadai wenyewe kwa miaka. Mtoto kutoka shule na ujuzi mkononi, nani atakataa?

Lakini hesabu nyingine ni hii. Mtoto aliyeko darasa la tatu mwaka huu yuko kwenye mtaala mpya, atamaliza la sita mwaka 2027. Mtoto aliyeko la nne mwaka huu yuko kwenye mtaala wa zamani, atamaliza la saba. Lini? 2027 hiyo hiyo. Kwa hiyo Januari 2028 wote wawili wanaingia form one siku moja, mlango mmoja.

Jirani yangu ana wawili, mmoja yuko la tatu mwingine yuko la nne. Nilipomweleza alidhani natania. Atanunua sare mbili, mabegi mawili, madaftari ya watoto wawili, Januari moja. Hiyo ni nyumba moja. Sasa ipigie hesabu kata.

Tuseme kata ina watoto 240 darasa la tatu na 200 la nne. Kwa watoto 40 kila chumba, form one ya kawaida ya watoto 200 ni vyumba 5. Januari 2028 ni watoto 440, vyumba 11. Sita vya ziada. Kwa bei ya 2021 ya milioni 20, hiyo ni milioni 120 kwa kata moja, na saruji na nondo haziuzwi tena kwa bei ya 2021. Hujaweka viti na meza, hujaweka matundu ya vyoo, hujaweka walimu, hujaweka karakana ya mkondo wa amali. Na hilo wimbi siyo la mwaka mmoja. Litapanda form two 2029, form three 2030, form four 2031. Wakishindwa kupata nafasi huwezi kuwaambia wabaki nyumbani, maana sera yenyewe inasema elimu hiyo ni ya lazima.

Mpaka hapo mnahesabu zimebaki bajeti ngapi? 2025/26, 2026/27, 2027/28. Bajeti tatu. Na hiyo ya tatu inaanza Julai 2027, miezi sita kabla ya watoto kufika mlangoni.

Mtu wa kata ameulizwa? Mabadiliko haya yamejadiliwa kwenye makongamano, wataalamu wamezungumza, na ni vizuri. Lakini mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye atagonga milango kuomba kiwanja cha shule na nguvu za wananchi, wengi wao hawajui kwamba kuna Januari 2028. Nimeuliza wenyeviti kadhaa huko nilikotoka. Mmoja alinijibu, "Mwanangu, hizo si habari za Wizara?"

Tusimamie nini

Tusiende kwa wananchi na "serikali imeshindwa" peke yake. Hiyo wameizoea. Mimi napendekeza hoja nne, mzijadili kwenye vikundi mchana.

Moja, ruzuku ipande, na ifungwe na mfumuko wa bei ili isisubiri tena miaka ishirini. Ile 10,000 ya 2002 haiwezi kuendesha shule ya leo.

Mbili, kila shule iwe na kiwango cha chini cha mwezi bila kujali idadi ya watoto, halafu ndiyo hesabu ya vichwa iongezwe juu yake. Hii itaokoa shule ndogo za vijijini.

Tatu, sehemu ya kodi ya majengo irudi halmashauri ikiwa imeandikwa jina: matengenezo ya shule. Mwananchi akikatwa kwenye LUKU ajue imetengeneza mlango upi.

Nne, kila halmashauri itoe hadharani mpango wake wa 2028, kata kwa kata: watoto wangapi, vyumba vingapi, walimu wangapi, fedha kutoka wapi. Bila huo mpango tutaamshwa Desemba 2027 kwa maagizo ya wakuu wa wilaya, siku 30 darasa liwe limesimama, na mwenyekiti wa mtaa asiyepeleka mawe atawekwa ndani.

Watatuambia tunapinga elimu bure. Jibuni kwa utulivu: tunataka iwe bure kweli. Kitu ambacho mzazi halipi na serikali hailipi, analipa mtoto. Analipa kwa kukaa chini, analipa kwa kukosa maji, analipa kwa kufanya mtihani ubaoni kwa sababu karatasi hakuna.

Mwezi wa kumi na moja

Nimalizie. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni tarehe 27 Novemba. Kumbukumbu za 2019 mnazo, siwakumbushi. Najua wapo humu wanaosema uenyekiti wa mtaa ni cheo cha kugonga mihuri. Nawaambia hivi: watakaochaguliwa Novemba hii ndio watakaokuwa kwenye viti Januari 2028. Vipaumbele vya bajeti ya halmashauri vinaanzia kwenye mkutano wa mtaa na kijiji, vinapanda kamati ya maendeleo ya kata, ndipo vinafika kwenye baraza. Usipokuwepo kule chini, juu utakuta vimeshaandikwa.

Na hata usipogombea, kazi unayo. Wiki hii ukirudi kwako nenda shule ya msingi iliyo karibu. Msalimie mwalimu mkuu kwa heshima, usiende na kamera. Muulize mambo matatu: ruzuku ya mwezi uliopita ilikuwa kiasi gani, ilitumikaje, na watoto wa la tatu na la nne wako wangapi. Taarifa za mapato na matumizi za shule ni za wananchi, una haki ya kuzijua. Andika. Lete kwenye kikao cha tawi. Tukipata kata 100 zenye hesabu zake mkononi, hakuna mtu atakayetuambia tunapiga kelele.

Ukikuta mwalimu ameiba, msimamie, usimwonee haya. Lakini soma daftari kwanza. Mimi sikusoma.

Yule mama alistaafu. Shule ile walinzi wamepokezana, wengine wamekaa miezi miwili, wengine mitatu. Wiki mbili zilizopita nilipita pale jioni nikiwa naandaa mada hii. Geti lilikuwa limefungwa kwa waya.